Kichakataji Kidogo ni Kipi? Tahakiki ya Istilahi za Maikrokontrola katika Kitabu cha Mafunzo

1. Utangulizi

Mwezi wa tatu mwaka huu nililetewa bahasha kutoka kwa mwalimu wa ufundi wa umeme katika chuo kimoja cha wilayani. Ndani yake mlikuwa na barua ya ukurasa mmoja na chipu mbili zilizofungwa katika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Chipu ya kwanza ilikuwa nyembamba, yenye miguu 28 iliyopangwa safu mbili. Ya pili ilikuwa ya mraba, na upande wake wa chini ulijaa miguu midogo mithili ya brashi. Swali la mwalimu lilikuwa fupi: "Ndugu mchunguzi lugha, kitabu tulichopewa kinaagiza wanafunzi wafundishwe matumizi ya kichakataji kidogo. Je, kichakataji kidogo ni kipi kati ya hivi viwili?"

Barua iliendelea kueleza kilichosababisha swali hilo. Chuo kilikuwa kimeandika hati ya ununuzi kwa Kiswahili, na aliyeiandika alichukua jina la kifaa kutoka katika kitabu: "vichakataji vidogo 40". Mzabuni akaleta vichakataji 40 vilivyong'olewa katika kompyuta chakavu. Mwalimu alipokataa kuvipokea, mzabuni alifungua hati, akaweka kidole juu ya neno, akauliza kosa lake ni nini. Hati ilikuwa upande wake. Fedha za muhula zikawa zimekwisha, na wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kutengeneza kiangulio cha mayai wakamaliza muhula bila ya kushika kifaa walichokuwa wakisoma habari zake.

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi za kitabu hicho. Jina la kitabu na la mfasiri wake halitatajwa, kwa sababu kosa kubwa si la mfasiri. Mwishoni mwa kitabu mna orodha ya istilahi 112, na mfasiri aliifuata kwa utiifu mkubwa. Orodha hiyo niliiandaa mimi miaka saba iliyopita, nilipokuwa nikifanya kazi za tafsiri kwa malipo ya ukurasa. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba hakimu ameketi mbali na mshtakiwa. Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe. Hapa nimeingia mwenyewe, ila kwa bahati mbaya nimeingia pamoja na darasa zima.

2. Kitu chenyewe

Ni kanuni ya kazi yetu kwamba dhana hutangulia na jina hufuata. Anayetafuta jina kabla ya kukijua kitu hufanana na mtu anayemchagulia jina mtoto bila kujua kama ni wa kike au wa kiume. Miaka saba iliyopita nilikuwa na kamusi mbili mezani, lakini sikuwa nimewahi kuishika chipu hata moja. Basi na tuanze na kitu chenyewe.

Mwaka 1971 kampuni ya Intel ya Marekani iliuza chipu iliyoitwa 4004. Ilikuwa na transista zipatazo 2,300, na ilishughulikia biti 4 kwa mara moja. Kazi yake ilikuwa ni kuchakata tu: kupokea amri, kujumlisha, kulinganisha, kuamua hatua inayofuata. Amri zenyewe zilihifadhiwa katika chipu nyingine, na hesabu za muda katika chipu nyingine tena. Chipu ya namna hii ni kama mpishi hodari asiye na jiko, wala sufuria, wala ghala. Ustadi anao, lakini hawezi kumlisha mtu mpaka aletewe vyombo.

Mwaka huohuo wa 1971, wahandisi Gary Boone na Michael Cochran wa kampuni ya Texas Instruments walifaulu kuvikusanya vyombo vyote pamoja na mpishi ndani ya chipu moja. Chipu hiyo iliendelezwa hadi ikauzwa kwa umma mwaka 1974 kwa jina la TMS 1000. Ndani yake mlikuwa na kiini cha kuchakata, kumbukumbu ya kudumu ya programu, kumbukumbu ndogo ya kazi, na njia za kupokea na kutoa ishara. Huyu si mpishi peke yake tena, bali ni mama ntilie na kibanda chake: jiko limo, sufuria imo, ghala limo, na dirisha la kuhudumia wateja limo.

Intel nayo ikatoa 8048 mwaka 1976, chipu iliyokuja kutumika katika kibodi ya kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Mwaka 1980 ikatoa 8051, ambayo muundo wake ungali unafundishwa vyuoni hadi leo. Chipu hiyo ya 8051 ilikuwa na miguu 40, kilobaiti 4 za kumbukumbu ya programu, baiti 128 za kumbukumbu ya kazi, vipima muda viwili, na milango minne yenye njia nane kila mmoja. Vifaa vya namna hii leo vimo ndani ya mashine za kufulia, rimoti, mizani za dijiti na mita za umeme wa kulipia kabla. Mwananchi anayeingiza tarakimu zake katika mita jioni, taa zikawaka, ametumia kifaa hiki pasipo kukijua jina.

Tofauti iliyopo ni hii basi. Kichakataji huchakata, na huhitaji chipu nyingine ili kiwe na manufaa. Kifaa cha pili huchakata, hukumbuka, hupima muda, hupokea na hutoa ishara, na shabaha yake ni kuongoza chombo fulani. Ni dhana mbili, na dhana mbili hazina budi kuwa na istilahi mbili.

3. Kasoro ya kwanza: jina moja kwa dhana mbili

Katika orodha niliyoiandaa, dhana ya kwanza iliitwa "kichakataji kidogo". Ya pili iliitwa "kidhibiti kidogo", na mbele yake niliweka alama ya mkwaju na kuandika "kichakataji kidogo". Nakumbuka sababu. Katika matini niliyokuwa nikiitazama, mwandishi wa Kiingereza alikuwa amelegeza kalamu na kuitumia istilahi moja badala ya nyingine, nami nikaona ni ungwana kumwachia mfasiri hiari. Mfasiri akachagua mojawapo ili kitabu kisiwe na majina mawili, na akachagua lisilofaa. Mkwaju ule mmoja ndio uliogharimu muhula wa watu.

Lakini hata lile jina la "kidhibiti kidogo" lina walakini, na yafaa tulichambue.

Kwanza, kivumishi "kidogo" hueleza umbo. Kidhibiti cha joto cha pasi ni kidogo pia, kwani ni ukanda wa metali unaopinda kwa joto, na hauna programu yoyote. Swichi ya kuzima pampu tangi likijaa ni kidhibiti kidogo vilevile. Msomaji wa "kidhibiti kidogo" hana njia ya kujua kwamba anaambiwa habari za chipu inayopokea programu.

Pili, kivumishi hicho hakina mshikamano na nomino yake. Mwandishi akitaka kusema kwamba kifaa chenyewe ni kikubwa kuliko kingine cha aina hiyo, atajikuta akiandika "kidhibiti kidogo kikubwa". Si mfano wa kubuni. Katika sura ya nne ya kitabu imeandikwa kwamba "vidhibiti vidogo vikubwa vina miguu zaidi ya mia". Istilahi inayomlazimisha mwandishi kujipinga katika maneno matatu haijakomaa.

Tatu, mofimu ya mwanzo katika jina la Kiingereza ilitafsiriwa neno kwa neno, nayo ni alama tu ya zama za teknolojia ile. Tafsiri sisisi hufaa pale ambapo picha iliyomo katika lugha chanzi ina maana pia katika lugha lengwa. Pale ambapo picha imekwisha kufifia katika lugha chanzi yenyewe, kuitafsiri ni kumzindua aliyekwisha kulala.

Sasa, lipi lifuatwe? Napendekeza mambo matatu. Neno "kichakataji" libaki kwa dhana ya kwanza, bila ya "kidogo". Ni neno zuri, lenye mzizi unaofahamika tangu kwenye kuchakata mkonge, na limekwisha kuzoeleka. Zamani vichakataji vilijaza makabati, na udogo ulikuwa habari. Leo karibu kila kichakataji ni chipu, na udogo si habari tena. Neno "kidhibiti" libaki kwa dhana pana ya kifaa chochote kinachodhibiti, kiwe na programu au kisiwe nayo. Na dhana ya pili iitwe "maikrokontrola", katika ngeli ya I-/ZI-: maikrokontrola hii, maikrokontrola hizi.

4. Kuhusu kutohoa

Natambua kwamba baadhi ya wasomaji watauliza: je, mchunguzi lugha amechoka kiasi cha kupokea neno la kigeni ilhali lugha ina mzizi wake? Swali ni la haki, nami miaka saba iliyopita ningeliuliza kwa sauti kubwa zaidi. Taratibu zetu za kuunda istilahi hutuelekeza tuanzie katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, na ndipo tuendee lugha za nje. Utaratibu huo umetupa maneno ya thamani, kama "ngeli" lililotoka katika Kihaya. Simo miongoni mwa wanaoutaka uachwe.

Hata hivyo, utaratibu huo ni ngazi ya kupandia, na hatuzuiwi kushuka tukiona paa halipo. Mizani ya mwisho ni matumizi. Neno "ngamizi" liliwahi kupendekezwa kwa kompyuta. Lilikuwa na sura ya Kibantu, lakini watu hawakulichukua. Neno "tarakilishi" lilipata makazi Kenya, hususan shuleni, na lingali hai huko. Lakini katika ofisi, magazeti na maduka ya Afrika Mashariki neno lililoshinda ni "kompyuta". Hakuna aliyelazimisha. Watu walilisikia kwanza pamoja na kifaa, na jina likashikamana na kitu.

Ndivyo ilivyo kwa maikrokontrola. Nilipotembelea karakana tatu baada ya kuipokea barua ile, sikumsikia fundi hata mmoja akisema "kidhibiti kidogo". Nilisikia "maikrokontrola", nilisikia "aisii", na kwa wanafunzi wa mwalimu wetu nikasikia "mdudu", kwa sababu ya miguu yake. "Aisii" ni pana mno, maana hujumuisha kila saketi iliyokusanywa ndani ya chipu, hata zile za kukuza sauti. "Mdudu" ni jina la utani, na utani una mahali pake. Linalobaki ndilo lenye dhana moja, na mwenye kulitaja dukani hupewa kitu anachokitaka.

Kuhusu tahajia, yapo makundi mawili: "mikro-" na "maikro-". Neno hili limetufikia kwa masikio kupitia Kiingereza, na watu hutamka "mai". Ni vyema tahajia ifuate matamshi ya watumiaji, ili anayesikia aweze kuandika na anayesoma aweze kutamka.

5. Kasoro ya pili: picha zisizovuka

Kitabu kina istilahi nyingine ambazo ni tafsiri za neno kwa neno, na zinamchosha msomaji. Nitazitaja zile zilizo nzito.

(a) Bandari. Kiingereza hutumia neno moja kwa gati la meli na kwa kundi la miguu ya chipu inayopokea na kutoa ishara. Kiswahili hakina sababu ya kufanya hivyo. Katika sura ya tano mwanafunzi anaambiwa, "unganisha taa na bandari B". Mtoto wa Tanga au Mtwara akisoma hivyo ataiona meli kabla ya taa. Neno "mlango" linafaa: lina maana ya kupitia, kuingia na kutoka, na linakubali kuhesabiwa: mlango B, mguu wa tatu.

(b) Sensa. Kifaa kinachohisi joto, mwanga au unyevu kimeitwa "sensa". Neno hili lina mwenyewe: ni kazi ya kuhesabu watu, kama ile ya Tanzania ya mwaka 2022. "Sensa ya joto" yaweza kueleweka kuwa joto lilihesabiwa kata kwa kata. Tuna "kihisi", wingi "vihisi", lenye mzizi wa kuhisi na kiambishi cha ala. Hapa Kiswahili kinajitosheleza, na kutohoa ni uvivu.

(c) Saa. Kila maikrokontrola hufanya kazi kwa mapigo ya umeme yanayorudiarudia kwa kasi moja, nayo mara nyingi hutunzwa na fuwele. Kitabu kinasema chipu ina "saa ya megahezi 16". Wanafunzi walidhani chipu hujua saa za mchana na usiku, na mmoja wao akauliza inarekebishwaje. Mapigo hayo hayasemi ni saa ngapi. Kazi yake ni ile ya ngoma katika uwanja: kila mchezaji hunyanyua mguu pamoja na mdundo. Napendekeza "mapigo", na "kasi ya mapigo" kwa kipimo chake. "Saa" ibaki kwa ile saketi ya kutunza wakati halisi, ambayo ni kitu kingine.

(d) Mbwa mlinzi. Ndani ya chipu mna kipima muda ambacho programu hulazimika kukirudisha mwanzo kila baada ya muda mfupi. Programu ikikwama ikashindwa kukirudisha, kipima muda hicho huiwasha chipu upya. Kiingereza hukiita kwa jina la mbwa wa ulinzi, nami nikamleta mbwa mzimamzima. Mwalimu anasema darasa lilicheka kwa dakika tano, na kwamba somo la siku ile lilikumbukwa kwa ajili ya mbwa, si kwa ajili ya ulinzi. "Kipima muda mlinzi" kinatosha.

(e) Flashi. Hapa kosa ni la namna nyingine. Kumbukumbu hii ilibuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba ya Japani, akaitangaza mwaka 1984, na jina lake lilitokana na kufutika kwake kwa mkupuo, kama mmweko wa kamera. Kwa maikrokontrola ilikuwa ni ukombozi. Hapo awali chipu nyingi zilizoweza kufutwa zilikuwa na kidirisha cha kioo juu yake, na zilianikwa chini ya mwanga wa urujuanimno kwa dakika kadhaa kabla ya kuandikwa upya. Lakini mitaani "flashi" ni kile kijiti cha kuhifadhia majalada ya kompyuta. Kitabu kiliposema "hifadhi programu katika flashi", wanafunzi walihifadhi programu katika vijiti vyao, wakangoja. Tuandike "kumbukumbu mweko", na mitaa tuiachie flashi yake.

6. Kasoro ya tatu: familia

Sura ya saba ya kitabu inaeleza kile inachokiita "familia kuu za vidhibiti vidogo". Ndiyo sura yenye maarifa mengi kuliko zote, na ndiyo iliyoharibiwa zaidi na neno moja.

Katika Kiswahili, familia ni watu wa nyumba moja: baba, mama na watoto, chini ya paa moja na mezani pamoja. Kwa msomaji wetu, familia moja ya chipu maana yake ni chipu za kampuni moja zinazoweza kukaa mahali pa mwenzake. Kitabu kimeandika hivyo waziwazi: "chipu za familia moja hubadilishana nafasi". Tuitazame hali halisi.

8051 ilizaliwa Intel, lakini kampuni nyingine nyingi, zikiwamo Philips, Siemens na Atmel, zilitengeneza chipu zenye kufuata seti ileile ya amri. Intel iliacha kutengeneza chipu zake za aina hii mwaka 2007, ila kizazi hakikukatika. Hapa damu ni moja, nyumba ni nyingi.

PIC ilianzia katika kampuni ya General Instrument katika miaka ya 1970, kisha ikaendelezwa na Microchip Technology. PIC16C84 ya mwaka 1993 ilipendwa na wanafunzi na mafundi kwa kuwa programu yake iliweza kufutwa na kuandikwa upya kwa umeme. Lakini chini ya jina hilo la PIC mna viini vya aina mbalimbali: amri zenye upana wa biti 12, nyingine 14, nyingine 16, na PIC32 iliyotoka mwaka 2007 ikiwa na kiini cha MIPS cha biti 32. Hapa jina ni moja, damu ni mbalimbali.

AVR ilianza kama wazo la wanafunzi wawili wa Trondheim, Norwei, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan, na Atmel ikaitoa mwaka 1996. Imejulikana duniani kupitia bodi za Arduino, mradi ulioanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005. Bodi ya Arduino Uno ya mwaka 2010 hutumia ATmega328P, yenye kilobaiti 32 za kumbukumbu mweko na kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kazi. Ndiyo chipu yenye miguu 28 iliyokuwa ndani ya bahasha yangu. Mwaka 2016 Microchip iliinunua Atmel. Tangu hapo PIC na AVR, zilizokuwa zikishindana, zinaishi katika nyumba moja bila ya kuwa na damu moja.

Kampuni ya ARM ya Uingereza ilitoa kiini cha Cortex-M3 mwaka 2004, na haikukiuza kama chipu. Hukodisha usanifu, na wengine hutengeneza. STMicroelectronics ilitoa STM32 mwaka 2007 kwa kiini hicho. Raspberry Pi ilitoa RP2040 mwaka 2021, yenye viini viwili vya Cortex-M0+ na kilobaiti 264 za kumbukumbu ya kazi. Damu ina uhusiano, lakini mpangilio wa miguu haufanani, na moja haikai mahali pa nyingine.

Espressif ya Shanghai ilitoa ESP8266 mwaka 2014 na ESP32 mwaka 2016, zenye mawasiliano ya redio ndani yake na kiini cha Xtensa. Baadaye chini ya jina la ESP32 zikatoka chipu zenye kiini cha RISC-V, kama ESP32-C3.

Tukikusanya mifano hii tunaona kwamba "familia" inabeba mambo matatu yasiyolingana: udugu wa seti ya amri, umiliki wa kampuni, na jina la biashara. Kiswahili kina neno lililo bora kwa jambo la kwanza, nalo ni "ukoo". Watu wa ukoo mmoja hutawanyika katika miji mingi na nyumba nyingi, huoa na kuolewa mbali, lakini asili yao ni moja na hutambuana kwa asili hiyo. Wala hapana anayedhani kwamba ndugu wa ukoo wanaweza kuvaliana viatu. Napendekeza "ukoo" kwa chipu zenye kiini au seti ya amri yenye asili moja, "mfululizo" kwa bidhaa za kampuni moja zenye jina moja la biashara, na "toleo" kwa chipu moja mahususi. Tutasema: ATmega328P ni toleo katika mfululizo wa ATmega, wa ukoo wa AVR. Sentensi hiyo ina mambo matatu na haina utata hata mmoja.

Jambo hili si la mapambo. Bodi ya Uno hufanya kazi kwa volti 5. Miguu ya ESP32 ni ya volti 3.3. Kitabu, baada ya kuziita zote "familia", kimeweka mchoro mmoja wa kuunganisha vihisi na kusema unafaa kwa zote. Mwanafunzi mtiifu anayefuata mchoro huo ataweza kuiunguza chipu yake akiwa hajakosea neno.

7. Yanayostahili sifa

Haingekuwa haki kumaliza bila ya kuyataja mazuri. Mfasiri ameandika Kiswahili chepesi na safi, na sentensi zake hazina harufu ya lugha chanzi. "Katizo", kwa ishara inayoifanya chipu iache kazi moja na kushughulikia nyingine ya haraka, ni istilahi inayojieleza, na inanyambulika: katiza, katizwa, ukatizaji. "Kumbukumbu ya kazi" na "kumbukumbu ya programu" zimetenganishwa kwa uangalifu toka mwanzo hadi mwisho. "Mguu" limetumika badala ya "pini", na ndivyo mafundi wasemavyo. Hilo halikuwamo katika orodha yangu. Mfasiri alilipata karakanani. Mahali pekee alipoacha kunitii ndipo alipofanya vizuri zaidi, na hilo nimelipokea kama fundisho.

8. Mapendekezo

Kwa muhtasari, istilahi zifuatazo zinapendekezwa badala ya zile zilizomo kitabuni:

kichakataji kidogo (dhana ya kwanza) – kichakataji
kichakataji kidogo, kidhibiti kidogo (dhana ya pili) – maikrokontrola
bandari – mlango
sensa – kihisi
saa – mapigo. Kasi ya mapigo
mbwa mlinzi – kipima muda mlinzi
flashi – kumbukumbu mweko
familia – ukoo, mfululizo, toleo, kwa kadiri ya dhana

Zaidi ya hayo, nina maombi matatu. Kwa wafasiri: mkikuta mkwaju katika orodha ya istilahi, msiuvuke kabla ya kuuliza. Kwa walimu: tuleteeni maneno ya karakana, hata ya utani, kwa maana humo ndimo tunamoona dhana ikiwa hai. Kwa watumishi wa serikali wanaoandaa hati za ununuzi: andikeni istilahi ya Kiswahili pamoja na namba ya toleo, kwa mfano "maikrokontrola ATmega328P, yenye miguu 28, vipande 40". Istilahi humweleza msomaji ni kitu gani, na namba humfunga mzabuni. Hati yenye istilahi pekee hutegemea uaminifu wa watu, na hati yenye namba pekee haisomwi na mkaguzi wala mjumbe wa kamati asiye fundi.

9. Tamati

Kazi ya istilahi hufanyika mezani, na makosa yake hulipwa mbali na meza hiyo. Aliyeandika mkwaju hakupoteza kitu. Alilipwa kwa ukurasa. Waliopoteza ni vijana 40 waliofika chuoni wakiamini kwamba lugha wanayoielewa ingewafikisha kwenye maarifa wasiyokuwa nayo. Wakishindwa kwa sababu ya ugumu wa somo, hilo ni jambo la kawaida. Wakishindwa kwa sababu ya neno, watasema Kiswahili hakifai kwa sayansi, na watakuwa na ushahidi mkononi.

Orodha mpya imepelekwa kwa mchapishaji ili ibandikwe ndani ya nakala zilizobaki, na itafikishwa katika kikao cha kusanifisha istilahi pamoja na maoni ya wasomaji. Barua ya mwalimu nimeijibu, na chipu zake mbili nimezirudisha katika karatasi ileile ya sigara. Niliandika: "Mwalimu, ni ile yenye miguu 28. Jina lake ni maikrokontrola. Kosa lilikuwa langu."